Siku ya Daktari Shuleni na Siku Ziifuatazo

Tabibu au muuguzi ajapo shuleni kuwakagua watoto, kazi yake huanza asubuhi na aghalabu huisha kabla ya alasiri kupita. Atawapima macho na masikio, atawatazama ngozi na meno, atakiweka chombo chake kifuani pa kila mmoja na kusikiliza, ataandika majina ya walioonekana na kasoro, kisha atafunga mkoba wake na kwenda zake. Kwa watu wengi jambo hilo limekwisha hapo. Mimi naona kwamba hapo ndipo linapoanza, kwa kuwa mtoto aliyegunduliwa asubuhi kuwa haoni vizuri bado haoni vizuri jioni, wala hatapata nafuu yoyote mpaka watu wawili ambao si matabibu, yaani mwalimu wake na mzazi wake, wamtoe katika orodha ile na kumfikisha mahali penye tiba. Makala haya nayaandika kwa ajili ya watu hao wawili, na hasa wale wa Longisa na vijiji vinavyoizunguka, ingawa msomaji wa Litein au wa Kapkatet ataona kwamba mengi yanamhusu yeye pia.

Longisa imejaliwa neema ambayo sehemu nyingi za Kenya hazinayo. Hospitali ya rufaa ya Kaunti ya Bomet imejengwa papo hapo, kando ya barabara itokayo Bomet kwenda Narok, na ukisafiri kupita mji wa Bomet utaifikia Tenwek, iliyoanza mwaka 1937 kama zahanati ndogo ya wamisionari, ikampata daktari wake wa kwanza wa kudumu, Ernest Steury, mwaka 1959, na leo hupasua hata moyo wa binadamu na kuutengeneza. Mzazi wa Turkana au wa Mandera akisema kwamba hospitali ni mbali, amesema kweli na hana lawama. Udhuru huo ukitolewa Longisa hauna nguvu sana, na kwa hiyo kama watoto wa hapa wanakaguliwa lakini hawatibiwi, sharti tukitafute kizuizi mahali pengine.

Mahali penyewe palikwisha kuonyeshwa kwa hesabu huko Trans Nzoia. Dkt. Hillary Rono, tabibu wa macho wa Kitale, pamoja na wenzake walichukua shule 50, wakawafundisha walimu kuyapima macho ya wanafunzi wao, wakazigawa shule hizo mafungu mawili. Katika fungu la kwanza mtoto aliyeonekana na kasoro alipewa barua ya kwenda hospitali, kama ilivyo desturi. Katika fungu la pili mwalimu alipima kwa programu ya simu iitwayo Peek, mzazi akaonyeshwa picha iliyotengenezwa kufanana na jinsi mtoto wake aonavyo, na ujumbe wa simu ukawa unamkumbusha safari ya hospitali. Matokeo yalichapishwa mwaka 2018. Katika kila watoto 100 waliopewa barua tu, 22 ndio waliofika hospitali. Katika kila 100 ambao wazazi wao walionyeshwa na kukumbushwa, walifika 54. Walimu walipima macho katika mafungu yote mawili, na barua iliandikwa kama ipasavyo, lakini watoto 78 katika 100 wa fungu la barua walibaki na macho yao kama yalivyokuwa, kwa sababu baina ya lango la shule na lango la hospitali hapakuwa na mtu wa kuwasindikiza. Hata pale palipofanywa jitihada zote, karibu nusu hawakufika. Basi kila ushauri nitakaoutoa hapa chini unakusudia kuiziba nafasi hiyo.

Naanza na mzazi, na siku zitanguliazo ukaguzi. Tabibu atakuwa na dakika chache kwa kila mtoto, na katika dakika hizo hawezi kujua aliyoyaona mama kwa miaka minane. Kwa hiyo mzazi akiarifiwa kwamba ukaguzi unakuja, na aketi jioni moja aandike, au amwombe mtoto mkubwa amwandikie, mambo yote ambayo amewahi kuyashangaa: kwamba mtoto huyu aliwahi kuanguka na kutetemeka povu likimtoka, kwamba usiku wa baridi hupumua kwa mluzi, kwamba dawa fulani ilimtoa vipele, kwamba magoti yalimvimba mwaka jana, leo hili, kesho lile, kisha yakapoa yenyewe. Kijitabu cha kliniki cha mama na mtoto, ambacho nyumba nyingi hukitupa chanjo za utotoni zikiisha, nacho kiletwe, maana ndicho kinachosimulia chanjo zilizochomwa na zilizokosekana. Kuhusu kifafa nitasema neno la peke yake, kwa sababu wazazi wengi hukificha wakiogopa kwamba mtoto atatengwa au atafukuzwa shule. Kifafa hakiambukizi kwa mate wala kwa kuguswa, na mtoto anayekificha ndiye aliye hatarini zaidi, kwani siku kikimshika darasani mwalimu hatajua kwamba yapasa kumlaza ubavu, kuondoa vitu vigumu karibu naye, na kutomtia kitu chochote kinywani.

Mwalimu mkuu kwa upande wake ana kazi ya kuchagua siku, ikiwa hospitali imempa hiari hiyo, na kazi hii hudharauliwa isivyostahili. Katika nyanda za juu zielekeazo msitu wa Mau, na kote kwenye mashamba ya chai mpaka Kericho, mchumaji huondoka nyumbani alfajiri, na siku ya kupeleka majani kituoni haiahirishwi, kwa kuwa jani lililokwisha kuchumwa halingoji. Mzazi akiitwa siku hiyo hatakuja, na kutokuja kwake kutahesabiwa kuwa ni uzembe ilhali ni riziki. Siku ya soko nayo ina hukumu hiyo hiyo. Mwalimu mwenye busara atawauliza wazazi kwanza, kisha atamjulisha mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji. Wahudumu hawa, ambao serikali ilizindua kazi yao upya nchi nzima mwaka 2023, huzijua nyumba kwa majina na hujua ni mlango upi hautafunguliwa kwa barua bali kwa kubishwa hodi.

Sasa tuingie katika siku yenyewe, na nitakaa kwenye macho kuliko kwingine, kwa sababu hapo mwalimu anaweza kufanya karibu kazi yote kwa mkono wake. Ubao wa herufi ulitungwa na Herman Snellen, tabibu wa Utrecht nchini Uholanzi, mwaka 1862, na mpaka leo haujapata mrithi wa kuufukuza. Ule ufaao zaidi kwa watoto wadogo una herufi moja tu, E, iliyogeuzwa kila upande, na mtoto huonyesha kwa vidole vitatu miguu yake inakoelekea. Ubao utundikwe usawa wa macho ya mtoto, penye mwanga wa dirisha usiomulika usoni pake, na mstari wa kusimama uchorwe kwa chaki mita 6 kamili kutoka ukutani, zipimwe kwa futi wala zisikadiriwe kwa hatua. Jicho moja lifunikwe kwa kiganja kilichokunjwa kidogo bila kuligandamiza, maana jicho lililogandamizwa hubaki na ukungu kwa muda na zamu yake ikifika litaonekana bovu bila ya kuwa bovu. Watoto wanaongoja na wakae nje ya mlango. Wakipangwa ndani, wa kumi atakuwa amekwisha kuhifadhi majibu ya tisa waliomtangulia, na atayatoa yote kwa usahihi na macho yake hayaoni ubao wala ukuta. Mtoto haoni kwamba anadanganya, huona anafaulu mtihani. Mwalimu augeuze ubao kila baada ya watoto wachache. Yule ambaye kwa jicho moja hakuweza kuusoma mstari wa ubao ulioandikwa 6/12 aandikwe, na yule mwenye makengeza, au mwenye weupe katikati ya mboni, aandikwe hata kama amesoma yote, wala safari yake isicheleweshwe, kwa sababu jicho lililoachwa bila kutumika utotoni huzoea kutoona, na akivuka umri wa miaka saba au minane kulirudisha huwa kazi ngumu sana.

Kuna maradhi mengine ya macho ambayo mwalimu atayaona kila muhula: macho ya kuwasha, mekundu au yenye rangi ya kahawia kwenye weupe wake, ambayo mtoto huyasugua mchana kutwa. Aghalabu ni mzio, nao hauambukizi. Nawausia wazazi kwa nguvu zangu zote wasinunue dukani matone yenye steroidi na kuyarudia rudia kwa sababu tu yalileta nafuu mara ya kwanza, kwani dawa hiyo ikitumiwa kwa muda mrefu bila tabibu huweza kupandisha shinikizo ndani ya jicho, na upofu uletwao na shinikizo hilo haurudi nyuma.

Masikio hupimwa kwa njia nyepesi. Mwalimu asimame nyuma ya mtoto, umbali wa urefu wa mkono, anong'oneze neno la kawaida, na mtoto alirudie. Sikio moja kwanza, kisha la pili. Mtoto ambaye husifika darasani kwa ukaidi, aitwaye mara tatu ndipo ageuke, huenda akawa hasikii, na kabla ya kupewa adhabu nyingine yoyote ni haki yake kupimwa. Sikio litokalo usaha lisitiwe mafuta, wala maji ya majani, wala chochote kingine kilichoshauriwa na jirani, lisiingie maji wakati wa kuoga, na lipelekwe hospitali hata kama haliumi, maana sikio bovu la siku nyingi aghalabu haliumi.

Ngozi nitaipita upesi, maana mapunye, upele na funza kila mtu anavijua na dawa zake si ghali. Kinachoniumiza ni jinsi ukaguzi wake ufanywavyo. Mtoto aliyeambiwa avue viatu mbele ya wenzake hamsini, vidole vyake vikaonekana vina funza, amepewa jina ambalo litamfuata mpaka amalize shule, na wengine huacha kuja kabisa. Ukaguzi wa mwili ufanywe faraghani, mmoja mmoja, na wasichana wawe na mwalimu wa kike; matokeo yasisomwe gwaride la asubuhi; na aliye na funza aoshwe na kutibiwa kabla nyumba yao haijatembelewa na kunyunyiziwa dawa sakafuni, jambo ambalo afisa wa afya ya umma anaweza kulifanya bila kelele.

Nimefika kwenye jambo ambalo kwa nchi hii ya Bomet nalihesabu kuwa kubwa kuliko yote, nalo ni koo la mtoto. Koo linalouma huonekana dogo. Nyumba nyingi hulitibu kwa maji ya chumvi na kulisahau, na mara nyingi hupona kweli, kwa sababu makoo mengi huletwa na virusi vinavyoondoka vyenyewe. Lakini baadhi yake huletwa na bakteria waitwao streptokoki, na wiki mbili au tatu baada ya koo hilo kupoa, mtoto wa baina ya miaka 5 na 15 anaweza kupata homa na maumivu ya viungo yanayohama kutoka goti hadi kiwiko. Hiyo ndiyo homa ya baridi yabisi. Viungo hupona. Moyo ndio usiopona, kwani mwili uliojaribu kupigana na bakteria hugeuka na kuzijeruhi vali za moyo wenyewe, na kila homa irudipo jeraha huongezeka, mpaka siku moja kijana wa miaka kumi na saba anashindwa kupanda mlima ambao alikuwa akiupanda mbio. Wengi wa wagonjwa wanaofanyiwa upasuaji wa moyo Tenwek wana vali zilizoharibiwa kwa njia hii. Fedha, vitanda na mikono ya mabingwa inayotumika kuutengeneza moyo mmoja ingeweza kutumika kuwalinda watoto wengi mno kwa penisilini, dawa ya zamani isiyo ghali.

Basi mwalimu wa darasa afanye nini? Asiwe daktari, awe shahidi. Yeye ndiye anayemwona mtoto katika mchezo wa mpira akiketi pembeni mwaka huu ilhali mwaka jana alikuwa winga. Yeye ndiye anayesikia kwamba mtoto fulani alikosa wiki nzima kwa sababu ya magoti. Ayaandike hayo na ampe tabibu siku ya ukaguzi, kwa kuwa chombo cha kusikilizia kifuani peke yake hakigundui kila vali yenye ugonjwa, na mtoto atiliwaye shaka hupelekwa kwenye kipimo cha mawimbi ya sauti kinachouonyesha moyo ukifanya kazi. Mzazi kwa upande wake apewapo penisilini ya koo ahakikishe mtoto amemaliza dozi yote, hata kama maumivu yamekwisha siku ya tatu.

Dawa ya minyoo na chanjo hutolewa shuleni pia, na hapo walimu wa Kenya wana uzoefu wa kutosha, maana tangu mpango wa kitaifa uanze mwaka 2009 wao ndio wanaogawa vidonge vya albendazole, Bomet na Kericho zikiwemo. Vidonge vitafunwe mbele ya mwalimu, mtoto aliye na homa siku hiyo angoje, na tumbo likiuma kidogo baadaye mzazi asitaharuki. Chanjo ya kuwakinga wasichana na saratani ya mlango wa kizazi, iliyoanza kutolewa nchini Oktoba 2019 kwa wenye umri wa miaka 10, imezungukwa na uvumi mwingi zaidi, nami nawashauri walimu wasiujibu kwa hasira wala kwa amri. Mzazi aulizaye kama sindano hiyo itamzuia binti yake kuzaa anauliza kwa mapenzi, na anastahili kuketishwa na muuguzi aelezwe kwamba haizuii, kabla ya siku yenyewe, kwa lugha aliyonyonya.

Lugha ndiyo inayonirudisha kwenye barua. Barua ya rufaa huandikwa kwa Kiingereza, hukunjwa mara nne, huingia mfukoni mwa kaptura, na huko hukutana na vumbi, mvua na pengine mfua nguo. Ikifika nyumbani, aghalabu hufika mikononi mwa kogo, nyanya ambaye amelea wajukuu wote huku wazazi wao wakifanya kazi katika mashamba makubwa ya Kericho, naye hawezi kuisoma, wala hana mamlaka ya kuuza kuku apate nauli bila ya kumpigia simu mwanawe. Kwa hiyo mwalimu asimtumainie mtoto kuwa tarishi. Ampigie mzazi simu jioni ile ile, amweleze kwa Kipsigis, lugha ya nyumbani, kilichoonekana na kisichojulikana bado, amtajie siku ya kliniki na chumba cha kwenda, kisha ampigie kogo naye, au amtume mhudumu wa afya, amwambie maneno yale yale, ili wazee hao wawili wasipokee habari mbili zinazopingana. Panapokuwa na watoto watano au sita wa kijiji kimoja, ni vyema wapelekwe pamoja siku moja, mzazi mmoja akiwaongoza, kuliko kila nyumba kungoja nauli yake ya bodaboda.

Gharama hazina budi kuzungumzwa waziwazi, maana mzazi mwenye aibu ya kusema hana fedha atasema hana nafasi. Tangu Oktoba 2024 Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, imechukua mahali pa NHIF, na mtoto hutibiwa chini ya jina la mzazi aliyejisajili na kumwandika mtoto huyo kuwa mtegemezi wake. Wengi wamejisajili wao wenyewe wakasahau kuwaandika watoto, na hilo hugunduliwa kwenye dirisha la hospitali, foleni ikiwa ndefu nyuma yao. Shule inaweza kulimaliza katika mkutano wa wazazi wa mwanzo wa muhula, kwa kumketisha karani mmoja mwenye simu chini ya mti, kila mzazi akija na kitambulisho chake na vyeti vya kuzaliwa vya watoto.

Mtoto akirudi kutoka hospitali, kazi ya mwalimu huwa ya kila siku lakini nyepesi. Mwenye miwani aivae darasani, na mcheko wa wenzake uzimwe siku ya kwanza, kwani miwani iliyochekwa siku ya kwanza itakaa ndani ya dawati mpaka Desemba. Asiyesikia kwa sikio la kushoto akalishwe mbele, upande ambao sikio la kulia litauelekea ubao. Aliyeanzishiwa sindano za penisilini kwa ajili ya moyo atazihitaji kila wiki tatu au nne, kwa miaka mingi, na hatari yake ni likizo, wakati shule imefungwa na hakuna wa kumuuliza. Mzazi apewe tarehe zote za muhula na za likizo pamoja, azitundike ukutani, naye mhudumu wa afya wa kijiji awe na nakala.

Yote haya yahitaji daftari moja, nene, lenye jina la mtoto, kilichoonekana, tarehe ya kumpigia mzazi, tarehe aliyofika hospitali, na alichoambiwa huko. Safu ya nne ndiyo ya kukaguliwa kila Ijumaa, na kila jina ambalo safu hiyo iko tupu lipigiwe simu tena. Daftari likae ofisini kwa mwalimu mkuu, ndani ya kabati lenye kufuli, kwa kuwa lina siri za watu. Na kwa vile walimu huhamishwa na tume yao pengine katikati ya mwaka, mwenye kulishika asiondoke kabla ya kuketi na anayempokea, na kumsomea kwanza majina ya watoto ambao bado hawajafika hospitali, na namba za simu za wazazi wao.